Komeo Anafundisha Pesa

Simu kutoka Iringa ilimkuta Aroni Kalinga amekumbatia nguo za vichanga kifuani, akijaribu kuzipanga kwa rangi kama alivyoelekezwa na mkewe, na akishindwa. Kibanda chao kiko Mwanjelwa, Mbeya, upande wa mitumba, na bosi wa kibanda hicho ni Esnath. Aroni ni msaidizi. Asubuhi hufundisha magolikipa wa timu ndogo ya mjini kwa mshahara ambao hufika ukijisikia. Mchana huja kufungua mabelo na kukunja nguo. Wateja wanaomkumbuka humwambia, "Aisee, si wewe Komeo?" Naye hujibu, "Ndiye. Hiyo soksi mia tano."

Aliyepiga simu alijitambulisha kwa jina la Eveline, mratibu wa semina ya wachezaji wa Nyanda za Juu Kusini.

"Tunaandaa mafunzo ya siku moja kwa vijana waliosajiliwa msimu huu," alisema. "Mada ni usimamizi wa fedha kwa mchezaji. Mtaalamu wa benki tumeshampata. Sasa tunatafuta mchezaji mkongwe aliyefanikiwa. Jina lako wamelitaja watu watatu."

"Watu watatu?"

"Watatu, kaka."

Aroni akawaza ni akina nani hao, na walikunywa nini.

"Posho ni laki mbili," Eveline akaendelea, "na nauli ya kwenda na ku…"

"Nitakuja," Aroni akasema.

Alipomweleza Esnath, hakucheka mara moja. Kwanza alimtazama usoni, aone kama ni utani. Kisha akaketi juu ya belo, akajifunika uso kwa shati la kichanga, mabega yakawa yanatikisika mpaka jirani anayeuza mashuka akaja kuuliza kama kuna msiba.

"Baba Happy," alisema alipopata pumzi, "utawafundisha nini?"

"Uzoefu."

"Uzoefu wa nini?"

"Si wametaka mchezaji mkongwe."

"Wametaka aliyefanikiwa," Esnath akasema, akaanza kucheka upya.

Kicheko hicho kilikuwa na historia yake. Aroni alidaka ligi kuu miaka kumi na moja. Alianzia Loleza Stars ya hapa hapa Mbeya, akanunuliwa na timu kubwa ya Dar es Salaam, na siku moja, akiwa na miaka ishirini na sita, ujumbe wa benki uliingia kwenye simu yake ukiwa na sifuri nyingi hadi akamwomba mwenzake amsomee. Zilikuwa milioni sabini. Magazeti yalimwita Komeo, kwa kuwa langoni kwake mpira haukupita. Mwaka ule golini hakupitisha kitu. Nje ya goli hakuzuia kitu.

Alianza na gari, jeusi, la chini. Siku aliyokwenda kulionyesha kwao Kalenga, karibu na Iringa mjini, mvua ilikuwa imetangulia, na gari likakalia tumbo njiani kabla ya kufika kwa mama yake. Komeo akamalizia safari kwa miguu, viatu mkononi, huku nyuma wanaume wakilisukuma gari. Kila aliyesukuma alimpa elfu kumi. Kesho yake, alipotaka kuondoka, wasukumaji walikuwa wengi hata wengine wakakosa mahali pa kushika.

Kisha nyumba. Mama yake, Mama Lusia, alikuwa ameomba choo kizuri na jiko lisilovuja. Aroni akaona hayo ni maombi ya mtu asiyejua mwanawe ni nani, akaamua kumjengea ghorofa. Pesa ziliisha ngazi zikiwa zimekamilika. Zipo mpaka leo, vidato kumi na saba vya zege safi, zinapanda vizuri kabisa na kuishia hewani. Mama Lusia hakulalamika. Kila msimu huanika maharage vidato vya juu na mahindi vya katikati. Vya chini amewaachia mbuzi.

Halafu kuku. Lutengano, rafiki yake wa tangu shule, alimshauri afuge kuku mia nane pale Uyole, yeye Lutengano awe msimamizi. Kuku wale walikuwa na tabia ya ajabu. Walikufa kwa hesabu zisizo na chenji: leo hamsini, wiki ijayo mia, mwezi ujao mia mbili. Hakuna kuku wa Aroni aliyewahi kufa peke yake. Naye kila alipopigiwa simu aliuliza swali moja tu, "Dawa shilingi ngapi?"

Na baba mdogo Yotamu alinunuliwa pikipiki tatu za bodaboda. Ya kwanza iliibiwa. Ya pili iliungua, kwa namna ambayo haikuacha hata majivu. Ya tatu ipo hai, na kila mwezi inaumwa.

Bega lilipochanika, mkataba haukuongezwa. Gari liliuzwa kwa bei ya majokofu mawili, na Komeo akarudi Mbeya kwa mkewe, ambaye miaka yote ile alikuwa akiuza nguo za vichanga bila gazeti lolote kumpa jina.

Aroni mwenyewe ndiye aliyekuwa hodari wa kusimulia haya. Aligundua kwamba akijicheka mapema, wenzake hubakiwa na vicheko vichache. Lakini kuyasimulia kijiweni ni jambo moja, kuyasimulia kwenye semina ni jingine, kwa hiyo siku tatu kabla ya safari alikaa na simu na daftari la Happy, binti yao, akanakili kurasa nne za maneno mazito kutoka mtandaoni. Esnath alimnyooshea suti ya mtumba ambayo mikono yake ilimfupia kidogo.

"Ukisimama, weka mikono mfukoni," alimshauri.

Alisafiri siku moja kabla ya semina ili alale Kalenga, aokoe pesa ya gesti. Alishuka saa tisa alasiri, akamkuta mama yake anapepeta maharage chini ya ngazi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja na suti. Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Kesho nina semina mjini. Nafundisha wachezaji namna ya kutunza pesa."

Mama Lusia aliinua macho polepole, yakapanda kidato kwa kidato mpaka pale ngazi zinapoishia. Akayashusha.

"Mungu akusimamie," alisema, akaendelea kupepeta.

Jua halijazama, baba mdogo Yotamu akawa ameshafika. Habari za posho huwa zinamfikia kwa njia zake. Aliuliza hali ya Esnath, akauliza ya Happy, akauliza ya bega, kisha akauliza wanamlipa ngapi. Aroni alijua jibu sahihi ni "kidogo tu". Mdomo wake ukasema, "Laki mbili."

"Laki mbili kwa kuongea?"

"Na nauli."

Yotamu alitikisa kichwa kwa heshima. "Ile pikipiki inadai ringi pistoni," alisema, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa. "Haya. Tutaongea."

Semina ilifanyika kwenye ukumbi wa hosteli ya kanisa, Iringa mjini. Vijana walikuwa zaidi ya thelathini, kila mmoja na viatu vyeupe vya raba vilivyong'aa. Aroni alivitazama viatu vile akajua bei yake, akajua na siku vilivyonunuliwa: siku ile ile ujumbe wa benki ulipoingia.

Juliana, dada wa benki, alitangulia. Aliongea vizuri, kwa picha za ukutani, duara lililokatwa vipande vya rangi, na vijana walimsikiliza kwa adabu huku vidole vikichezea simu chini ya meza. Kisha Eveline akamkaribisha "mfano wetu wa kuigwa, golikipa Aroni Kalinga, Komeo!" Ukumbi ukapiga makofi. Aroni akasimama, akaweka mikono mfukoni, akagundua kwamba hawezi kushika daftari mikono ikiwa mfukoni, akaitoa.

"Mchezaji wa kisasa," alisoma, "anapaswa kutawanya uwekezaji wake katika vyombo mbalimbali, ikiwemo hati fungani za muda mrefu…"

Mkono ukanyooshwa mstari wa pili. Alikuwa Shija, winga mwenye miguu mirefu, aliyekulia kwenye mifugo ya baba yake huko Usangu. Alikuwa amesajiliwa Mbeya kwa milioni kumi na nane, na zilikuwa hazijafikisha wiki mbili kwenye akaunti.

"Kaka Komeo, samahani," alisema. Hakuwa na kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Hati fungani zako wewe ni za miaka mingapi? Nauliza ili na mimi nijue pa kuanzia."

Kuna sekunde ambayo golikipa huijua, mpiga penalti anapoacha kuutazama mpira na kumtazama yeye. Aroni alitazama kushoto, akamwona Juliana. Akatazama kulia, akamwona Eveline. Neno "kumi" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Angelisema, semina ingeendelea, angechukua bahasha na kupanda basi.

"Sina hata moja," akasema. "Mpaka juzi nilidhani ni hati za kufunga ndoa."

Ukumbi ulilipuka. Shija alicheka akaficha uso mezani. Juliana naye alijaribu kujizuia akashindwa. Aroni akalikunja daftari la Happy, akalitia mfukoni, na kwa nusu saa iliyofuata akawasimulia kila kitu: gari lililokalia tumbo, maharage kwenye ngazi, kuku waliokufa kwa mafungu. Alipofika kwenye pikipiki iliyoungua bila majivu, beki mmoja alikuwa anafuta machozi. Simu zote zilikuwa mezani, zimesahauliwa.

Kisha kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Kwa hiyo ndugu ndio walikumaliza, kaka!"

Vicheko vikapungua, vijana wakisubiri aseme ndiyo. Lingekuwa jibu rahisi, na Aroni alikuwa amelitumia mara nyingi kijiweni. Lakini alikuwa ameshaanza kusema kweli na ilikuwa inamteleza tu.

"Hapana," alisema. "Lutengano aliniibia, sawa. Lakini mimi nilimfungulia mlango, nikamshikia na taa. Nilikuwa napenda sura za watu nikitoa pesa. Naingia Kalenga, watoto wanakimbilia gari, wazee wananisimamia. Nani angeacha? Wale waliosukuma gari, elfu kumi kumi, hawakuniomba. Nilitaka wakaseme nyumbani kwamba Aroni katoa elfu kumi. Mama yangu aliomba jiko. Jiko halionekani barabarani, ndugu zangu. Ghorofa linaonekana."

Hakuna aliyecheka. Na ndipo simu yake, aliyoiweka mezani mbele ya watu wote, ikaanza kuita. Kwenye kioo pameandikwa BABA MDOGO YOTAMU.

Mstari wa mbele waliona. "Ni yule wa pikipiki!" mmoja akapiga kelele, na ukumbi mzima ukaanza kugonga meza. "Spika! Weka spika!"

Aroni alimtazama Eveline kama mchezaji anayeomba kutolewa. Eveline akainua mabega. Aroni akapokea, akaweka spika.

"Kamwene, Aroni."

"Kamwene, baba."

"Wameshakulipa?"

Vijana wakabana pua wasicheke. Aroni akapandisha mkono kuwatuliza. "Bado, baba. Niko kazini."

"Basi wakikulipa, mimi utanirushia laki na nusu. Nimeshaongea na fundi, anakuja leo."

Aroni alifungua mdomo. Miaka kumi na mitano alikuwa akijibu ombi hilo kwa neno moja, na sasa aliona jinsi neno jingine lilivyo zito kulitoa. Vijana thelathini na kitu walimtazama kama anasubiri penalti.

"Baba mdogo," alisema, "safari hii sina. Hii ni ada ya Happy."

Kwenye spika akasikika jogoo anawika huko Kalenga.

"Huna?"

"Sina, baba. Nisamehe."

"Haya," alisema Yotamu. Simu ikakatika.

Ukumbi ulisimama. Walipiga makofi, wakapiga miluzi, wakaimba jina lake kama enzi zile: Ko-me-o! Ko-me-o! Eveline akatangaza mapumziko ya chai. Aroni alitoka nje akipongezwa mgongoni, akitabasamu, na neno lile "haya" likiwa bado masikioni mwake. Yotamu ndiye aliyemtengenezea mpira wa kwanza, wa matambara na kamba ya katani. Yotamu alimpandisha kwenye baiskeli kwenda majaribio ya kwanza, Iringa mjini, na kumsubiri nje siku nzima bila kula.

Alizunguka nyuma ya jiko la hosteli, akatazama huku na huku kama mwizi, akabonyeza simu haraka. Alipoinua macho, Shija alikuwa amesimama kwenye bomba, mikono inamdondoka maji.

"Umetuma?" Shija akauliza.

Aroni hakuwa na pa kukimbilia. "Elfu thelathini."

"Alitaka ngapi?"

"Laki na nusu."

Shija alifikiri kidogo huku akikung'uta mikono. "Basi hukudaka, kaka," alisema. "Lakini umepangua."

Aroni alicheka mpaka bega likamuuma. Alipokuwa anadaka, makocha wote walimwambia hivyo hivyo, kwamba si kila mpira unakamatika, mwingine unausukuma tu upite pembeni. Ilikuwa haijamjia hata siku moja kwamba maneno yale yangefaa pia nje ya uwanja.

Baada ya chai alirudi mbele, kabla hajaitwa, akawaambia. "Mlinipigia makofi. Yarudisheni kidogo. Nimetuma elfu thelathini nyuma ya jiko."

Walizomea kwa furaha. Lakini Juliana alisimama, akauliza, "Nani hapa angetuma laki na nusu yote? Mkweli anyooshe mkono."

Ukapanda mkono mmoja, kwa aibu. Ikapanda mitatu. Baada ya muda ilikuwa imepanda karibu yote, na kule mlangoni Eveline naye alikuwa ameunyoosha wake.

Juliana akaizima ile picha ya duara. Akawaambia, kwa maneno ya kawaida, kwamba mtu mwenye ndugu asijidanganye kuwa hatatoa. Apange mwanzo wa mwezi kiasi cha ndugu, akitenge, na kikiisha ndiyo kimeisha hadi mwezi ujao. Nyingine azifunge benki mahali ambapo hata yeye mwenyewe hazifikii kwa hasira wala kwa huruma. Vijana waliandika. Mtoa mada Komeo naye alitoa daftari la Happy, akaomba kalamu.

Wakati wa kuagana Shija alimvuta pembeni. Baba yake anataka zile milioni zote ziwe ng'ombe. Afanyeje?

"Baba yako ng'ombe anawajua?"

"Anawajua kwa majina, na mama zao."

"Basi umenipita mbali. Nunua wachache, awachunge mwenyewe, asiwepo Lutengano katikati. Zilizobaki mpe dada Juliana azifunge mpaka mkataba wako uishe. Baba akiuliza, mwambie zimefungwa. Hutakuwa umemdanganya." Akaongeza, "Na usinisikilize mimi peke yangu. Umeona suti yangu."

Kesho yake mchana alikuwa Mwanjelwa. Esnath alipokea bahasha, akahesabu mara moja, akamtazama.

"Laki moja na sitini na tatu."

"Thelathini baba mdogo, nilimtumia za kwenye simu nikazirudishia."

"Na saba?"

"Vitunguu. Nilimchukulia mama jirani… haya, walikuwa wanauza kwenye madirisha ya basi, yule dada muuzaji alikuwa ananitazama."

Esnath aliyashika mashavu yake kama mtu mwenye jino bovu. Halafu alitaka kusikia yote tangu mwanzo, na Aroni akayasimulia, pamoja na hati za kufunga ndoa, wateja wakisubiri. Alipofika kwenye lile la mama kuomba jiko, Esnath hakucheka. Aliinama akakaza kamba ya belo ambayo haikuwa imelegea.

"Hilo hujawahi kuniambia," alisema.

"Na mimi ndiyo nililisikia jana, likinitoka mdomoni."

Esnath alitenga ada ya Happy. Elfu sitini zilizobaki hakuzitia mfukoni kwake kama kawaida; alimrudishia mumewe mkononi, akamwambia Alhamisi saa nane kuna kikao cha kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake wa mitumba, yeye ni mweka hazina, na ameshamwombea nafasi.

"Wanawake watupu?"

"Wanawake watupu. Wameridhia kwa sababu nimewaambia una kifua cha kubebea sanduku la pesa."

Alhamisi Aroni alichelewa dakika kumi na mbili, alikuwa anatafuta kalamu. Aliwakuta kina mama ishirini na wawili wamekaa kwenye mabenchi, vitenge vya sare, sanduku la bati lenye kufuli tatu katikati. Mwenyekiti, mama mmoja anayeuza mapazia, hakumuuliza kama alikuwa Komeo. Alimwonyesha kanuni zilizobandikwa ukutani, kanuni ya pili.

"Kuchelewa faini elfu mbili," alisema. "Mgeni pia."

Aroni alimtazama mkewe. Mweka hazina alikuwa ameinamia vitabu vyake, uso mkavu kama hamjui. Akalipa faini. Akanunua hisa kumi, akaandikiwa kijitabu kidogo cha bluu chenye jina lake lote, Aroni Kalinga, na akaenda kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, magoti yamemfika kidevuni.

"Karibu, mwanachama," mwenyekiti akasema. "Tuendelee. Nani mwingine hajaleta hisa?"